Tabora hadi Kigoma kwa barabara: vyuo, embe, chumvi na dagaa

Maandalizi

Dada yangu wa Sikonge ana watoto wawili waliofika njia panda kwa wakati mmoja. Binti atafanya mtihani wa kidato cha sita Mei ijayo, tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Mdogo wake wa kiume amemaliza kidato cha nne Novemba hii na anasubiri matokeo. Kwao ukisema chuo, wanaelewa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: ndiko wenzao wanakokwenda. Mimi naishi Tabora mjini, na kila siku napita mbele ya mageti ya vyuo ambavyo wapwa zangu hawajawahi kukanyaga. Jambo hili limekuwa likinikera kwa muda mrefu. Mtoto anachagua mahali pa kuishi kwa miaka mitatu kwa kusoma majina kwenye simu, halafu mzazi anauza ng'ombe kwa ajili ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepaona.

Nikamwomba dada anipe watoto kwa siku chache za likizo ya Desemba. Mpango ulikuwa tuzunguke vyuo vya Tabora, kisha tushike barabara ya Urambo hadi Kigoma tuone na vya kule, na njiani tusimame penye historia na tule kinacholiwa na wenyeji.

Desemba niliichagua kwa makusudi. Wanafunzi wa vyuo wanakuwa madarasani, maana muhula wa kwanza umeshakolea. Ukienda Agosti utakuta mlinzi, mti na paka. Desemba pia embe za Tabora zimeiva, na mvua zimeshaamsha uyoga porini. Tarehe zenyewe aliniamulia shemeji yangu wa Kigoma kwa simu: "Angalia kalenda ya mwezi kwanza. Mkija wakati wa mbalamwezi mtakuta boti zimepumzika, dagaa hakuna." Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu ya kuwakusanya. Basi tukapanga tufike kwenye giza.

Kila chuo nilikipigia simu ofisi ya udahili kabla. Wengi walifurahi, wakatuambia tufike asubuhi siku ya kazi na tubebe vitambulisho. Binti alinunua daftari, nami nikampa masharti mawili. Kila chuo aulize maswali yale yale: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, wanafunzi wanalala wapi, mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na waliomaliza wako wapi sasa. La pili, mchana tule pale wanapokula wanafunzi.

Jumatatu, Tabora mjini

Tulianza na Chuo cha Reli kwa sababu ya yule kijana. Tabora ni mji wa reli hasa. Wajerumani waliifikisha reli hapa mwaka 1912, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na baadaye, enzi za Waingereza, likachepuka tawi la kwenda Mwanza. Hadi leo ukisimama stesheni unaona njia zinavyogawana. Sasa inajengwa ile ya kisasa, SGR, na kipande cha Tabora hadi Kigoma peke yake ni kilomita 506. Kijana alipolisikia hilo kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa ufundi, alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikumpa mimi: "Hizo kilomita zikishajengwa, nani atazitunza?" Yule mwanafunzi akacheka, akamwambia ndiyo maana yupo pale.

Chuo cha Ardhi tulikaa kidogo. Wanafundisha upimaji na ramani, na uwanjani tulikuta vijana wamesimamisha vyombo vyao vya miguu mitatu, mmoja anachungulia, mwingine ameshika fimbo mbali kabisa juani. Binti aliandika nusu ukurasa. Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wakubwa wote Tabora bado wanakiita Uhazili, tulipita tu, maana haikuwa fani ya yeyote kati yao.

Mchana tulikuwa AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Augustino kilichopewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo. Wengi wanakuja hapa kusomea ualimu. Baada ya kuonyeshwa madarasa na maktaba tulikwenda kwa mama lishe mmoja, kibanda cha mabati chenye mabenchi marefu. Wali maharage, ugali na dagaa, mchicha, na kwenye beseni pembeni embe zilizokatwa tayari. Hapo ndipo ziara ilipoanza kuwa na maana. Wasichana wawili wa mwaka wa pili walisogea wakatupisha benchi, na binti akafungua daftari lake.

Walimweleza mambo ambayo hakuna kipeperushi kinachoyaandika. Kwamba wengi wanapanga geto mtaani wawili wawili, na chumba bora ni kile chenye kisima uani hata kama ni mbali kidogo. Kwamba bumu, ile fedha ya mkopo wa kujikimu, likichelewa, mama huyu huyu wa kibanda anaandika jina lako kwenye daftari na unakula. Kwamba sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, si mwisho wa dunia lakini inakula likizo yako. Mmoja wao katokea Kibondo, mwingine Iringa. Wa Iringa alisema kilichomshangaza Tabora ni joto la Oktoba na jinsi watu wanavyosalimiana: unaambiwa "Mwangaluka!" na mtu usiyemjua, na anasimama kabisa kungoja uitikie.

Binti aliuliza, "Dada, ungejua unachokijua sasa, ungekuja?"

Yule wa Iringa alifikiri sana. "Ningekuja, ila ningekuja na godoro langu."

Jioni niliwapitisha Tabora School, Tabora Boys ya wenyewe, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1937. Alipotoka Makerere alirudi mji huu huu kufundisha St. Mary's. Na mwezi Januari 1958 TANU walikutana hapa hapa kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walikuja wakitaka kuususia. Wakatoka wameamua kuingia, wakashinda, na uamuzi ule ukabaki na jina la Uamuzi wa Busara. Watoto walikuwa wameusoma darasani kwa ajili ya mtihani. Hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba ulitokea karibu na soko wanaloliona kila wakija mjini.

Jumanne, Kwihara na Chuo cha Nyuki

Asubuhi na mapema tulikwenda Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji, kwenye lile tembe ambalo David Livingstone na Henry Stanley waliishi pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti, ndipo akaondoka asirudi tena akiwa hai. Ni nyumba nene ya udongo yenye mlango wa nakshi, ua katikati, na ndani yake ubaridi mzuri hata jua likiwa kali.

Mimi nilitaka watoto wawafikirie zaidi wale wapagazi. Jina la Wanyamwezi lilivuma pwani yote kwa sababu ya wanaume, na wanawake pia, waliobeba mizigo mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo kwa miguu, na wengine kwenda Ujiji, njia ile ile tutakayopita sisi kwa gari. Chuma na Susi na wenzao walipoubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo mwaka 1873, walipita hapa hapa. Mingi ya miembe mikubwa unayoiona Tabora inasemekana ilizaliwa na kokwa za wasafiri wa misafara. Tulinunua ndoo ya embe barabarani, ndogo, zenye nyuzi, tamu mpaka mkono unanata, tukazila tumeinama mbele ili nguo zisichafuke.

Kisha tukaenda Chuo cha Nyuki, na hapa nilimwona yule binti akibadilika.

Yeye amekulia Sikonge. Babu yake alitundika mizinga ya magome porini, na anajua harufu ya asali iliyorinwa kwa moshi kama mtoto wa pwani anavyojua harufu ya nazi. Alidhani hakuna jipya. Mwanafunzi mmoja wa stashahada akamchukua hadi kwenye mizinga ya masanduku, akamvalisha ovaroli na kofia ya wavu, akampa bomba la moshi alishike. Sisi wengine tulisimama mbali. Alimfungulia kifuniko taratibu, akainua fremu moja, akamwonyesha seli zilizofunikwa na zisizofunikwa. "Hii ikifunikwa robo tatu ndiyo unavuna. Kabla ya hapo asali ina maji, itachacha." Akamweleza kwamba mzinga wa gome unaubandua mti ngozi na mti unakufa, na kwamba porini kwetu kila mtundu na kila myombo uliochunwa ni maua yaliyopotea. Akamwonyesha nta, akamwonyesha gundi ya nyuki, akamwambia asali ya nyuki wadogo wasiouma inanunuliwa ghali kuliko hii ya kawaida.

Binti alitoka na jasho usoni na nyuki mmoja amemuuma shingoni, anasema si kitu. Swali lake la kwanza kwa ofisi ya udahili lilikuwa kama mtu wa CBG anaweza kusoma nyuki mpaka shahada. Wakamwambia njia zipo: hapa anaanza na astashahada au stashahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ufugaji nyuki. Akiwa na alama kuu mbili za kidato cha sita zenye pointi zinazotakiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, anaweza hata kuomba shahada moja kwa moja. Kila kitu kikaingia daftarini, na chini yake akapiga mistari miwili.

Chakula cha jioni nyumbani kilikuwa ugali wa dona, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) iliyoungwa kwa karanga, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna. Mke wangu aliwafungia mengine ya njiani.

Jumatano, barabarani

Tulitoka kabla ya jua. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, na nilitaka tufike mchana kabla mvua ya jioni haijashuka. Sehemu kubwa ni lami, na aliyeipita zamani wakati wa tope anajua hilo ni jambo la kushukuru.

Urambo ni kama kilomita 90 kutoka Tabora. Hii ilikuwa himaya ya Mtemi Mirambo, aliyezitikisa njia za biashara kuanzia miaka ya 1870 hadi alipofariki mwaka 1884, kiasi kwamba misafara ya Waarabu ililazimika kuzunguka mbali kumkwepa. Baadaye Waingereza walikuja na mpango wao mkubwa wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakafyeka pori kwa matrekta hapa, Kongwa na Nachingwea, na karanga hazikuwafaa. Tumbaku ndiyo iliyobaki. Kando ya barabara utaona mabani ya kukaushia tumbaku, na kuni zimepangwa mbele yake kwa msimu unaokuja. Nilipunguza mwendo ili watoto wazione zile kuni, wakumbuke alichosema yule kijana wa nyuki kuhusu miti.

Kabla ya Kaliua, akina mama na watoto walikuwa wamepanga uyoga barabarani kwenye ndoo na majani mapana, mwingine mweupe, mwingine wa rangi ya machungwa. Tulinunua ndoo moja, tukafika Kaliua tukamwomba mama mmoja wa mgahawa atupikie. Hakushangaa hata kidogo. Aliuosha mara tatu akitoa mchanga kwa vidole, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza, kisha akaunga kwa kitunguu na karanga za kusaga mpaka rojo likawa zito. Na ugali. Kijana, ambaye nyumbani huacha mboga sahanini, aliomba kuongezwa mara mbili. Kwa anayepanga safari hii: weka chakula chako cha mchana Kaliua, mwezi wa Desemba, na usiagize nyama.

Baada ya hapo nchi inashuka kwenye mabonde ya Mto Malagarasi. Eneo la Malagarasi na Muyovozi lilikuwa la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, mwaka 2000. Tulisimama karibu na Daraja la Kikwete tukatazama maji yanavyokwenda polepole kuelekea ziwani. Kabla ya daraja hili watu walivuka kwa shida, na wazee wa Uvinza bado wanahadithia.

Uvinza ni chumvi. Chini ya ardhi kuna chemchemi za maji ya chumvi, karibu na pale Mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500. Kabla ya duka la kwanza la Mwarabu kufunguliwa Tabora, chumvi ya Uvinza ilikuwa tayari inatembea nchi nzima ya magharibi, inabadilishwa kwa majembe, vyakula na mifugo. Wajerumani walijenga kiwanda hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Binti alikuwa na swali la kikemia kuhusu chumvi inavyojitenga maji yakikauka, na mzee tuliyemkuta dukani akamjibu kwa mkono: alimwaga chembe kwenye kiganja chake, akamwambia onja, halafu akamwambia onja ile ya paketi ya dukani, halafu akamwacha aamue mwenyewe.

Kutoka Uvinza, Kazuramimba na Kandaga, michikichi inaanza kuonekana, kwanza mmoja mmoja, kisha vilima vizima. Tuliingia Mwanga, Kigoma mjini, saa kumi jioni, tukateremka mji wa chini, na ziwa likatokea lote kwa mpigo. Kijana akasema, "Mjomba, ng'ambo ile ni Kongo?" Ni Kongo. Siku isiyo na ukungu milima yake inaonekana wazi.

Alhamisi, Kibirizi

Shemeji alituamsha giza bado halijaisha. Kibirizi, mwaloni wanakoshushia samaki, boti zilikuwa zinaingia. Usiku kucha taa zao zilikuwa zimejipanga ziwani mstari mrefu, na sasa zinazimwa moja moja. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa nyingi ni za betri na jua. Mitumbwi hufungwa pamoja, wavu unashushwa katikati, taa inawaita dagaa juu, kisha wavu unapandishwa.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na linagawanwa na nchi nne. Lakini samaki wote unaowaona hapa wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Kule chini sana hakuna hewa ya oksijeni. Hilo nilielezwa baadaye na mkufunzi wa FETA, wakala wa elimu ya uvuvi, ambao wana kampasi hapa hapa Kibirizi. Alitueleza pia kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Na kwamba mwaka 2024 Serikali iliufunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Alisema hayo akituonyesha nyavu za macho tofauti zilizotundikwa ukutani, akatia kidole kwenye jicho la kila wavu ili watoto waone ni samaki wa ukubwa gani anayeponyoka.

Wanafunzi wa pale darasa lao lingine ni mwaloni. Tuliwafuata hadi kwenye chanja za kukaushia. Dagaa waliotandazwa mchangani wanauzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya mchanga na unyevu. Waliotandazwa kwenye chanja za wavu, juu kutoka ardhini, hukauka haraka na kubaki na rangi ya fedha. Mama mmoja alikuwa anawageuza kwa kiganja kilichofunguka, bila kuwavunja, huku mkono wa pili unaokota vijisamaki vya aina nyingine na kuvirusha kwenye ndoo. Alifanya hivyo akizungumza nasi muda wote, wala hakutazama mkono. Binti aliomba ajaribu. Dagaa wake wakavunjika vichwa. "Pole pole, mama," yule mama alimwambia, "hawa wamekwisha kufa, hawakimbii."

Alimfundisha. Nusu saa nzima tulimngoja.

Chakula cha mchana kilikuwa mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma, uliopasuliwa mgongoni, na ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, iliyopondwa vizuri ikapikwa kwa mawese mpaka juu inang'aa nyekundu. Wanafunzi watatu wa uvuvi walikula nasi. Mmoja alisema anataka kufuga samaki kwao Kasulu, kwenye mabwawa, kwa sababu ziwa peke yake halitatosha watu wote. Mwingine anataka usindikaji: dagaa wa Kigoma wanajulikana Dar nzima lakini faida kubwa, alisema, inabaki kwa anayefungasha. Walimuuliza binti yeye anataka nini. Akasema hajui bado, anaona mambo mawili.

Ijumaa, mjini na Ujiji

Asubuhi tulifika kampasi ya Kigoma ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA. Kijana hakuwa amefikiria uhasibu kabisa, lakini alikaa na wanafunzi wa ugavi wakamweleza jinsi mizigo ya Burundi na Kongo inavyopita bandari ya Kigoma, nani anasaini nini, na mzigo ukikwama nani anaulizwa. Akaniambia njiani kwamba reli na ugavi vinakwenda pamoja. Mimi sikuongeza neno.

Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili nao wanajenga kampasi ya Kigoma kupitia mradi wa HEET, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuongeza vyuo vikuu mikoani. Hili nililisisitiza kwa binti kwa sababu kwao kila mtu anamtaka awe daktari. Alisikiliza kwa adabu.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikwenda Ujiji. Mji huu ni mkongwe kuliko Kigoma yenyewe. Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 wakifuata njia ya misafara. Stanley akamkuta Livingstone hapa Novemba 1871. Makumbusho yapo pale pale, na miembe yake inaelezwa kuwa ni vizazi vya ule uliokuwepo siku ile. Ila Ujiji yenyewe ndiyo makumbusho kubwa zaidi: Wamanyema waliotoka Kongo na misafara, wakabaki, wakazaa, na leo Kiswahili chao kina lafudhi yao. Bibi mmoja aliyekuwa anauza maandazi mlangoni alipewa shikamoo na watoto, akaitikia, akawauliza ukoo wao wote kabla ya kuwauzia. Aliposikia Sikonge alisema, "Basi babu zenu walipita hapa na mizigo yetu." Akawaongeza maandazi mawili.

Gombe, hifadhi ya sokwe, hatukwenda. Ni safari ya boti ya siku nzima na gharama zake zinahitaji mpango wa peke yake. Nilimwonyesha binti tu upande ule, nikamwambia Jane Goodall alifika pale Julai 1960, msichana bila digrii, na kuanzia hapo sokwe wa Kigoma wakawa somo la dunia.

Jumamosi, kwenye mawese

Shemeji ana rafiki mwenye kinu cha kukamulia mawese nje ya Mwandiga. Mikungu inakatwa, inalazwa siku chache ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilegee, zinachambuliwa, zinachemshwa kwenye pipa, kisha zinatiwa kwenye kikamulio na watu wanazunguka wakisukuma mti mrefu. Mafuta yanatoka mazito, ya moto, rangi ya machungwa. Kijana alisukuma mizunguko mingi, akatoka hoi. Mbegu zinazobaki hazitupwi: ndani yake kuna mise, nayo inakamuliwa mafuta mengine, na mabaki ya mawese hutengeneza sabuni ya gwanji. Mwenye kinu alitutofautishia mchikichi wa asili wenye kokwa nene na ule wa kisasa unaozalishwa kituo cha Kihinga, wenye nyama nyingi zaidi. Anapanda wa kisasa, ila michache ya baba yake ameiacha.

Tulinunua madumu mawili, moja la dada yangu.

Jumapili, kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na mvua ilitukamata Malagarasi. Ndani ya gari hapakuwa na kelele, watoto wamechoka, ila daftari lilikuwa linasomwa kwa sauti. Mafuta ya gari yamekula zaidi ya nusu ya fedha zote. Malazi kwa shemeji yalituokoa. Anayetaka kufuata njia hii bila ndugu Kigoma aweke akiba ya nyumba ya wageni, na asiweke siku ya chuo Jumamosi.

Kijana ameandika: Chuo cha Reli kwanza, TIA pili, akisubiri matokeo ya Januari. Binti ameandika nyuki na uvuvi, kwa shahada, na pembeni akaweka udaktari kwa penseli kwa ajili ya mama yake. Tulipofika Sikonge kushusha dumu la mawese, dada alilisoma daftari lote amesimama mlangoni. Akauliza ufugaji nyuki unasomewa miaka mingapi, na bodi ya mikopo wanautambua au vipi. Binti alikuwa na jibu la swali la kwanza. La pili tumekubaliana tulitafute pamoja kabla ya Krismasi.